Usianze na uwanja wa ndege

Swali limetoka kwa binti wa Mtopanga, Mombasa. Nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza diploma ya habari mwaka jana. Mama yangu mdogo alifanya kazi za nyumba Saudia miaka sita, sasa amerudi. Nataka kutengeneza filamu fupi juu yake, lakini hataki kupigwa picha, na nikimuuliza ya huko hunijibu 'kulikuwa kuzuri tu'. Nimetafuta filamu za wahamiaji nione wenzangu walifanyaje, nyingi ni mashua, jangwa na watu kuzama. Yeye aliondoka kwa ndege, amevaa buibui jipya, sote tukimpungia mkono pale uwanja wa Moi. Nitazame filamu zipi, na yangu niianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nakwama pale pale, kwenye buibui jipya. Umelitaja kwa kupita, kumbe hapo ndipo ulipoona kitu ambacho waongozaji wengi wenye fedha na kamera kubwa hawajakiona. Watu wetu wa Arabuni hawaondoki usiku kwa kunyatia. Wanasindikizwa. Kuna matatu ya kukodi, kuna dua, kuna picha za pamoja nje ya uwanja, kuna mtoto anayebembelezwa kwa ahadi ya simu. Taabu, kama ipo, huanza baada ya mlango wa nyumba ya watu kufungwa, mahali ambapo hapana kamera wala jirani wa kusikia.

Filamu za mashua sizikatai. La Pirogue ya Moussa Touré (2012) na Io capitano ya Matteo Garrone (2023) ni kazi za heshima, zitazame ukizipata. Lakini hata katika Io capitano, yenye Sahara, jela ya Libya na kijana wa miaka 16 anayelazimishwa kushika usukani wa chombo ambacho hajawahi kukiendesha, kipande kilichonikaa moyoni ni kidogo sana. Kijana huyo, Seydou, yuko kifungoni, naye anaota malaika akimpeleka hewani mpaka kwao Dakar, mamake amelala. Aliondoka bila kumuaga. Baada ya mateso yote yale, anachokitamani ni mama apate habari.

Hilo ndilo neno langu kwako, na mengine yote nitakayoandika ni maelezo yake. Filamu ya mhamiaji ni filamu ya habari zinazopelekwa nyumbani: nani anazituma, nani anaziandika, na nini kinaachwa nje. Mama yako mdogo akikujibu "kulikuwa kuzuri tu" hakunyimi kitu. Anakurudishia ujumbe ule ule alioutuma kwa miaka sita. Ameuzoea ulimini.

Kwa hiyo anza na La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966. Ina urefu wa saa moja hivi. Sembène alikuwa Msenegali aliyefanya kazi ya ukuli bandarini Marseille mpaka akaumia mgongo, na mtu aliyebeba mizigo ya watu anajua kuitazama kazi. Kisa chenyewe alikitoa kwenye habari fupi ya gazeti la Ufaransa. Diouana, binti wa Dakar, anachukuliwa na Wafaransa kuwalelea watoto. Akifika kwao Antibes, pwani ya kusini ya Ufaransa, anakuta kazi ni kupika, kufua na kupiga deki, na bahari anaiona kwa dirisha. Tazama viatu vyake. Anapiga deki amevaa gauni zuri na viatu vya visigino, maana hizo ndizo nguo alizokuja nazo kuishi maisha aliyoahidiwa. Bibi wa nyumba anamwamuru avivue. Ukikiona kipande hicho utalikumbuka buibui la mama yako mdogo, na utaelewa kwa nini nimekuambia umeona.

Kisha inafika barua. Mamake Diouana, ambaye hajui kuandika, ameandikiwa na mtu. Diouana, ambaye hajui kusoma, anasomewa na bwana wa nyumba. Mama analalamika: binti amenyamaza, hatumi hata pesa. Bwana, kwa wema kabisa, anachukua karatasi na kuanza kujibu kwa niaba yake: mimi ni mzima, kazi nzuri. Diouana amesimama hapo hapo na hakuna anayemuuliza aandikiwe nini. Anaichukua ile barua anaichana vipande vipande. Nimeitazama filamu hii mara nyingi mno, na mikono yake ikichana karatasi bado hunikaza koo. Mwisho wake ni wa kujitoa uhai, nakwambia mapema, usiiweke mbele ya mama yako mdogo bila kumwambia.

Kuna jambo jingine ndani yake ambalo wewe mtengenezaji lazima ulijue. Mawazo ya Diouana tunayasikia kwa Kifaransa fasaha, lugha ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuyawazia hivyo, na sauti ile si ya mwigizaji Mbissine Thérèse Diop. Ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti. Yaani hata katika filamu inayolia kwamba mjakazi huyu amenyang'anywa maneno, maneno yake yalisemwa na mtu mwingine kwa lugha nyingine. Sembène hakulala juu ya hilo. Filamu yake ndefu iliyofuata, Mandabi ya 1968, aliipiga kwa Kiwolofu.

Na Mandabi ndiyo ninayoipenda zaidi kwa ajili yako, ingawa mhamiaji mwenyewe haonekani ila kwa dakika chache. Ni kijana anayefagia barabara za Paris. Amemtumia mjomba wake, Ibrahima Dieng, hawala ya posta ya faranga 25,000: elfu ishirini amwekee akiba, elfu tatu za mama, elfu mbili za mjomba mwenyewe. Zisome hesabu hizo taratibu. Dieng wa watu anapata mbili, lakini mtaa mzima umeshasikia ishirini na tano. Majirani wanakuja kukopa mchele, ombaomba wanajua, duka limekopesha kwa matumaini. Na fedha hazitoki, kwa sababu posta inataka kitambulisho, kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na cheti kinataka mtu anayejuana na mtu. Nani kwetu hakuwahi kuambiwa na wakala wa M-Pesa "leta kitambulisho" mkono umeshanyoshwa? Ile ni filamu ya uhamiaji kwa asilimia mia, na kamera, ila kwa dakika zile chache, haikutoka kwa wanaopokea.

Hapa niruhusu nikueleze la nyumbani kwetu, maana sikulijifunza hili kwenye filamu peke yake.

Miaka ya themanini mjomba wangu alikuwa akifanya kazi Abu Dhabi. Simu ilikuwa ghali, barua zilichelewa, basi alikuwa akituletea kaseti. Msafiri akija, kaseti hiyo imefungwa ndani ya shati. Nyanya alikuwa akitandika mkeka, redio inawekwa katikati kama mgeni, watoto tunanyamazishwa. Mjomba akisalimu kwenye kaseti, nyanya anaitikia: "Wa alaykum salaam, mwanangu." Akiuliza "hamjambo?", nyanya anajibu na kungoja. Hakuwa mjinga, alijua vizuri ile ni mashine. Aliona tu ni utovu wa adabu kusalimiwa na mwanawe asiitike.

Kaseti moja siisahau. Mjomba yuko katikati ya hadithi ya samaki aliokula, mara inasikika sauti ya mtu kwa mbali, ya ukali, halafu "tak", kimya. Kisha "tak" tena, mjomba amerudi, na sauti yake imechangamka kuliko mwanzo. "Nilikwenda kunywa maji," akasema. Nyanya akatabasamu. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilimwona mamangu akiangalia chini. Ile "tak" mbili, na kilichokuwa kati yake, ndicho ninachokitafuta katika kila filamu ya wahamiaji ninayoitazama mpaka leo.

Sasa Capernaum ya Nadine Labaki, ya 2018, iliyopata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Hii ndiyo ya kumtazamisha mama yako mdogo, na nitakuambia namna. Wengi wanaikumbuka kwa Zain, mtoto wa Beirut anayewashtaki wazazi wake kwa kumzaa. Mimi nakutuma umwangalie Rahil, Mwethiopia aliyekwenda Lebanon kufanya kazi za nyumba, akatoka kwa mwajiri, akazaa mtoto asiyeruhusiwa kumzaa. Kazini anamficha mtoto chooni. Karatasi zake ni za kughushi na muda wake unakwisha, na yule mghushi anamwambia bei mpya ni mtoto. Siku Rahil anapokamatwa, Zain anabaki na kichanga kile, anamkokota mitaani ndani ya sufuria iliyofungwa juu ya ubao wa magurudumu.

Watu wa Ulaya waliitazama wakasema inatisha. Wewe itazame ukijua mfumo wa kafala unavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo hutamwelewa Rahil wala mama yako mdogo. Chini ya mfumo huo, kibali cha kukaa nchini hufungwa na jina la kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Ukitoka kwake bila idhini, unaweza kuhesabiwa wewe ndiwe mtoro. Saudia ilipolegeza masharti ya kafala Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Kwa hiyo anayesema "si angetoka tu" hajui mlango ule ulifungwa kwa ufunguo gani. Na kuna la kuuma zaidi: waigizaji wa filamu hii wengi walitolewa mitaani, wakiishi maisha yale yale. Mtoto aliyeigiza kile kichanga mamake ni Mkenya na babake Mnigeria, na wazazi hao walikamatwa wakati filamu bado inapigwa.

Namna ya kuitazama naye ni hii. Filamu ni ya Kiarabu cha Lebanon, tafsiri inaandikwa chini ya picha. Izime tafsiri. Mwambie, "Mama, mimi sielewi, nisaidie." Kiarabu cha Beirut si cha Riyadh, atakikosa hapa na pale, lakini ataelewa zaidi yako, na hilo ndilo tunalolitaka. Miaka sita alikuwa mtu wa kuamrishwa kwa lugha hiyo. Leo awe mwenye lugha, wewe mwanafunzi. Rimoti iwe mkononi mwake. Akisimamisha, usimuulize kwa nini. Akitoka kwenda jikoni, mfuate ukamenye vitunguu. Mimi nimeonyesha filamu kwa akina mama wa Kisauni na Likoni kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba maneno ya kweli huja wakati mtu anatafsiri maneno ya mwingine. "Hapa anamwambia afanye haraka... sisi walikuwa wakituambia hivi." Hapo "sisi" imeshatoka. Wewe endelea kumenya.

Ukitaka kuona mtu akifanya kitu kikubwa kwa waliobaki nyumbani, tafuta Atlantique ya Mati Diop (2019), iliyochukua tuzo kuu ya pili Cannes. Vijana wa Dakar wanajenga jumba refu, miezi inapita hawalipwi, usiku mmoja wanaingia baharini kuelekea Hispania. Safari yenyewe hatuioni kabisa! Kamera imebaki na wasichana. Wakati wa usiku wasichana hao macho yanageuka meupe, na vijana waliozama wanazungumza kwa vinywa vyao, wanamwendea tajiri nyumbani kwake kudai mshahara. Wakosoaji wa Ulaya walihangaika kueleza kama ni filamu ya kutisha au ya mapenzi. Sisi wa pwani hatuna haja ya kuelezwa pepo akipanda kichwani ni kitu gani, wala kwamba pepo huja na madai. Mati Diop amechukua jambo ambalo bibi yeyote wa Mji wa Kale angelielewa akalifanya deni la mshahara. Nadhani hiyo ndiyo filamu bora ya uhamiaji iliyotengenezwa tangu karne hii ianze, na ukinibishia niko tayari tukae tuzungumze.

Kuna mbili zinazogusa Afrika Mashariki, nazo utashangaa zote zimejaa barua. Nirgendwo in Afrika ya Caroline Link, iliyopata Oscar mwaka 2003, ni ya familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Kenya mwaka 1938 kuwakwepa Wanazi. Utasikia Kiswahili ndani yake, na mpishi Owuor, aliyeigizwa na Sidede Onyulo, ndiye anayewafundisha wageni kuishi. Mume anamwandikia mkewe aje na sanduku la barafu la kuhifadhia chakula; mke, Jettel, anakuja na gauni la jioni. Unaliona tena buibui? Mtu anasafiri na nguo ya maisha anayoyawazia. Baadaye inakuja barua ya mwisho ya mamake Jettel, maneno machache tu, kwamba wanapelekwa Poland. Wanaoisoma wanaelewa yaliyoachwa nje. Ile nyingine, Mississippi Masala ya Mira Nair (1991), inaanza Kampala mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Baadhi yao walipita hapa kwetu, treni mpaka Mombasa, kisha meli ya Bombay. Wazee wa mji huu bado wanazikumbuka treni hizo. Baba wa familia, Jay, anaishi Mississippi kwenye moteli za jamaa na kwa miaka anaiandikia serikali ya Uganda kudai nyumba yake. Wengi wanaitazama kwa ajili ya mapenzi ya Denzel Washington na Sarita Choudhury, nami siwalaumu. Lakini barua ambayo Jay hakuiandika, kwa rafiki yake Okelo, ndiyo inayomngoja mwisho wa filamu.

Nyingine nazipitia haraka. Angst essen Seele auf ya Fassbinder (1974), kibarua wa Kimoroko na mwanamke mzee wa Kijerumani mjini Munich: itazame kwa ajili ya kuskusi anayoitamani na mkewe hataki kumpikia, na ujue ilipigwa kwa takriban wiki mbili, ili usiniambie huna bajeti. Minari ya Lee Isaac Chung (2020): nyanya anafika Arkansas kutoka Korea, anafungua mzigo, anatoa pilipili ya unga na dagaa, binti yake anaanza kulia. Muulize mama yako mdogo mzigo wake wa kwenda ulikuwa na nini. Achari ya embe? Bizari? Nani alimfungia? Mambo ya chakula watu huyasema bila woga, na ndani yake mna kila kitu.

Sasa ya kwako.

Umesema hataki kupigwa picha. Vizuri, hilo si tatizo, ni mpaka aliokuwekea, na filamu nzuri hupenda mipaka. Flee ya Jonas Poher Rasmussen (2021) ni ya mkimbizi wa Afghanistan anayeishi Denmark, ambaye hakutaka ajulikane. Mwongozaji alirekodi sauti yake kwa muda mrefu, akiwa amelala chali amefumba macho, kisha picha nyingi zikachorwa. Ndani yake kijana huyo anakiri kwamba habari ya familia yake aliyokuwa akiwaambia watu ni ile aliyofundishwa na wasafirishaji aiseme, na amekaa nayo mpaka utu uzima. Filamu ile iliteuliwa kwa tuzo tatu za Oscar kwa mpigo: ya filamu za hali halisi, ya katuni na ya filamu za kigeni. Uso wa mtu haukuhitajika.

Wewe huna wachoraji, lakini una kitu ambacho Rasmussen hakuwa nacho. Miaka sita mama yako mdogo alikuwa akituma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Kwa nani? Bila shaka kwa nyanya yako. Na wazee wetu hawafuti kitu. Simu hiyo, iliyopasuka kioo na kufungwa mpira, inayoegemezwa kwenye kopo la sukari, ina filamu yako nzima ndani yake, imepangwa kwa tarehe.

Ombeni ruhusa kwanza, kwa nyanya na kwa yeye mwenyewe. Kisha chagueni jumbe chache, kumi zatosha. Kaeni chumba chenye godoro na mapazia ili sauti isirudi, zimeni feni, subirini tuktuk ipite. Mchezee ujumbe mmoja, ule wa sikukuu kwa mfano: "Mama, Idi njema, huku tumekula vizuri, msiwe na wasiwasi." Usimame hapo. Usimuulize "ulijisikiaje", ni swali la watu wa televisheni na halijibiki. Muulize: "Ulikuwa umesimama wapi uliporekodi huu?" Atakuambia chooni, au juu ya dari penye kamba za nguo, au chini ya shuka saa saba za usiku. Kisha: "Ilikuwa imebaki kazi gani?" Atakutajia. Mtu anaweza kukataa kukueleza huzuni, lakini idadi ya vyumba alivyokuwa akivipiga deki haisahau. Picha zako ziwe nyumba ya nyanya yako: kopo, mkeka, dirisha, mikono ya mama yako mdogo ikikuna nazi akikubali mikono yake ionekane. Sauti ni za kule, picha ni za hapa. Muziki usitie. Nakusihi sana hapo, maana najua mtu atakushauri uweke taarabu ya majonzi.

Kama naye kwa kweli alikaa na watu wema, akalipwa na kuheshimiwa, basi hiyo ndiyo filamu, na utaipiga kwa moyo ule ule. Wapo waliokaa vizuri. Usiende na machozi yaliyoandaliwa ukamlazimisha ayalie. Hata hapo utakuta kitu katika zile jumbe: jina aliloitwa huko lililokuwa si lake, mtoto wa watu aliyemlea akamwita mama, wa kwake akimsahau sauti.

Jina la ejenti na jina la mwajiri yasiingie kwenye filamu. Sina maana tunamficha mtu. Kama kuna dai, lipelekwe panapopelekwa madai, pamoja na mkataba na karatasi. Lakini mama yako mdogo anaweza kesho akataka kurudi kwa mkataba mwingine, kama wengi wanavyorudi, na filamu yako isiwe ndiyo iliyomfungia njia. Ukimaliza kuunganisha, yeye ndiye wa kwanza kuisikia, tena akiwa peke yake na wewe. Akisema "hapa toa", unatoa, hata kama ndipo palipo pazuri kuliko pote.

Na akikataa kabisa? Basi rudi kwa Sembène, upige Mandabi yako. Piga waliopokea. Fedha zile zilifanya nini Mtopanga? Zilipaua chumba, zilimtibu nani, nani alikopa hajarudisha? Na wewe mwenyewe, mwanangu, jiulize ada ya diploma ilitoka wapi. Kama iliingia kwenye simu ya nyanya yako na mlio ule wa M-Pesa tunaoujua sote, basi nawe umo ndani ya filamu, na itakubidi uiseme kwa sauti yako.

Lakini kabla ya filamu hata moja ya hizo nilizokutajia, nenda kwa nyanya yako leo jioni, umwombe simu, uzihamishe zile faili za sauti kwenye kompyuta na nakala nyingine kwenye fleshi. Simu huibwa, huanguka kwenye ndoo. Kaseti za mjomba wangu tulikuwa nazo kumi na nne, kwenye kasha la biskuti juu ya kabati. Joto la pwani na ukungu vilizila. Tulipokuja kuzicheza tena nyanya ameshakufa, utepe ukawa unavuta, na kwenye ile ya samaki nilisikia salamu tu, kisha mvumo, halafu "tak" moja. Ya pili haikuja.